Siku Tuliyomwosha Bi Mize

Wanangu, kila mnaponialika kwenye mafunzo yenu mnanikalisha kiti cha mbele, mnanipa chupa ya maji, kisha mnaniuliza kazi ya kuzuia maambukizi ilianza lini hospitalini kwetu. Sijui ilianza lini. Nilipoajiriwa, miaka ya sabini, haikuwa hata na jina. Ilikuwa sufuria kubwa, jiko la mafuta ya taa, na Sista Raya amesimama mlangoni akitutazama mikono.

Huyo Sista Raya ndiye mkuu wa wodi aliyenifunza kazi. Mtu wa Madungu, mfupi, mwembamba, na sauti yake haikupanda hata siku moja, lakini ukiisikia nyuma yako unajikuta umeshasimama wima. Muuguzi mgeni akifika, alimshika mkono, akaugeuza, akatazama chini ya kucha kama mtu anayechagua samaki. Ukiwa na hina hakusema kitu, maana hina yeye mwenyewe aliipenda. Ukiwa na kucha ndefu alikupa mkasi akakwambia ukae barazani mpaka uzimalize.

Siku hizo sindano zilikuwa za kioo na tulizitumia tena na tena. Ncha ikiwa butu tuliinoa juu ya jiwe, kisha tukaipitisha kwenye pamba. Ikinasa nyuzi, basi ina kijino, na kijino hicho kitamchana mtu nyama. Baada ya hapo tunachemsha, na hapo ndipo vijana wengi walipokosea, kwa sababu walianza kuhesabu dakika pale walipowasha jiko. Sista Raya alitaka tuhesabu tangu maji yanapotokota, na ukitumbukiza sindano nyengine katikati unaanza upya. Kuna siku tulifunua sufuria tukakuta mayai yanagongana na sindano. Sista Raya hakuuliza ni ya nani. Aliyatoa, akayapanga dirishani, akachemsha vyombo upya. Mayai yakakaa pale mpaka yakaanza kunuka, na dereva wetu, ambaye chumba chake kilipakana na dirisha lile, akaja mwenyewe kuomba radhi.

Glavu nazo tulizifua. Tulizipuliza kama vipulizo vya watoto kutafuta tundu, tukazianika kambani, zikikauka tunazipaka poda. Bibi mmoja aliyekuja kumtazama mjukuu wake aliziona zinapepea pale uani, akanishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini wale waliokatwa mikono wamelazwa wapi. Nyinyi mnavaa mara moja mnatupa, alhamdulillahi, na bado nawakuta wengine mmezivaa huku mnaandika kwenye simu. Simu hiyo baadaye unaipeleka sikioni kwako. Haya, tuendelee.

Vyombo havina shida. Unavichemsha na havinuni. Binadamu hununa. Nilipokuwa bado mgeni alilazwa mzee mmoja kutoka Makangale, mtu wa heshima zake. Nikampa mkono, nikamwamkia, kisha nikaenda moja kwa moja kwenye bomba kunawa, kama nilivyofundishwa chuoni. Mzee akaikusanya kanzu yake.

"Kwani mie n'na najisi?" akauliza. "Mbona wanikosha mkononi mwako?"

Alitaka kurudi kwao saa ile ile. Sista Raya alimbembeleza, kisha akanivuta pembeni akanipa somo ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote. Nawa kabla hujamgusa mtu, naye anakuona, na umwambie, "Nakunawia wewe, mzee wangu." Ukimaliza kwake, nenda kwa mgonjwa wa pili ukanawe mbele ya macho ya huyo wa pili. Mikono itakuwa safi vile vile, na kila mmoja ataona kanawiwa yeye. Nimefanya hivyo maisha yangu yote ya kazi na hakuna aliyeninunia tena kwa kunawa. Nilinuniwa kwa mengine.

Nimeyasema haya ili mjue nimetoka wapi, kwa sababu siku ninayotaka kuwasimulia hasa niliikabili nikiwa na hayo tu mkononi.

Mwaka huo kipindupindu kiliingia vijiji vya upande wa Micheweni, ambako ndiko nilikozaliwa. Tulitenga jengo la nyuma la hospitali likawa wodi yake. Sista Raya alikuwa karibu kustaafu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuhakikisha ugonjwa hautoki mle ndani. Mlangoni niliweka beseni la dawa ya klorini la kukanyagia na ndoo yenye bomba la kunawia. Aliyetaka kuingia au kutoka alipita kwangu, awe daktari awe muuza urojo.

Akafa mgonjwa wa kwanza, mwanamme mmoja. Bwana afya wetu, kijana mchapakazi lakini ana hofu, alikuwa amepewa amri kutoka juu kwamba maiti wa kipindupindu asirudishwe nyumbani na asioshwe. Akamfunga kwenye shuka la mpira yeye na wafanyakazi wake, wakamzika jioni hiyo hiyo. Jamaa zake walisimama mbali wakitazama. Simlaumu bwana afya. Alikuwa hajala wala hajalala vizuri, na alidhani anaokoa watu.

Baada ya maziko yale wagonjwa wakapungua. Vitanda vikabaki vitupu, bwana afya akafurahi, akasema ugonjwa unakwisha. Sista Raya alikuwa anakunja shuka.

"Haujesha," akasema. "Umeingia ndani ukafunga mlango."

Na ni kweli. Watu walikuwa wanawaficha wagonjwa wao majumbani. Kwa nini umlete mzee wako hospitali, akifa azikwe kama mzigo, hakuguswa na maji wala kusogelewa na mtu wake?

Basi katika siku hizo aliletwa Bi Mize, mama mtu mzima, mjane, na binti yake mkubwa Mwanaisha ndiye aliyemuuguza. Mwanaisha alikuwa mwanafunzi wangu mzuri kuliko wengi niliowafunza darasani. Nilimwonesha mara moja jinsi ya kumwaga ndoo ya mgonjwa bila kurusha tone, na hakurusha tone. Lakini Bi Mize alichelewa kuletwa. Tulimtia dripu mikono yote miwili, na asubuhi, kabla jua halijawa kali, akatutoka.

Mwanaisha hakupiga kelele. Alimfunga mamake kidevu, akamnyoosha miguu, akanawa kama nilivyomfunza, kisha akaja kusimama mbele yangu.

"Nipeni mamangu nkamkoshe nyumbani," akasema.

Nikamwambia siwezi. Nikamweleza, na kwa kuwa sote tumezaliwa kule nilijua ananielewa. Micheweni ardhi yake ni jabali la matumbawe, udongo ni ganda tu juu yake. Maiti akioshwa nyumbani huchimbwa ufuo, yaani kile kishimo cha chumbani kinachopokea maji ya josho. Kwengine maji yale yanamezwa na mchanga. Kwetu yanapita kwenye nyufa za jiwe, na nyufa hizo hizo ndizo zinazoingia visimani. Na waoshaji wetu, kwa kufuata ilivyo sheria, hulipapasa tumbo la maiti litoke lililobakia. Kwa maiti wa kipindupindu, hilo lililobakia ndilo ugonjwa wenyewe.

"Mji mzima utakunywa maji ya josho la mamako," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Nikadhani nimeshinda. Kisha akainua uso.

"Mdogo wangu Rehema naye kaanza. Yuko ndani, atapika na kuharisha. Mumewe kasema hamleti kuno azikwe hajakoshwa. Ankwambia afadhali afe kitandani kwake. Mkimzika mamangu vile, Bi Riziki, Rehema hamumuoni."

Rehema mwenyewe nilimjua, msichana wa juzi tu, ana mtoto ananyonya. Kipindupindu hakimpi mtu siku nyingi za kufikiri. Ningeweza kupeleka askari wakamtoe kwa nguvu, na bwana afya alilisema hilo. Lakini wangemtoa mmoja, na nyumba zilizobaki zingetia komeo zaidi.

Nikamwendea Sista Raya. Akaniuliza maswali kama alivyoniuliza nilipokuwa mgeni. Kinachopitisha ugonjwa ni nini? Nikasema ni kinachomtoka maiti na maji yaliyomgusa. Je, ni dua? Hapana. Je, ni sanda? Hapana. Ni mikono ya mwanawe? Nikasema ikivaa glavu na ikinawa, hapana.

"Basi mwosheni hapa hapa," akasema. Akamgeukia bwana afya. "Amri yako inasema maiti asirudi nyumbani wala asioshwe. Harudi. Na kwangu mimi, maadamu hajatoka mlango huu si maiti, ni mgonjwa wangu, na wagonjwa wangu huoshwa."

Bwana afya alikuna kichwa. Mwishowe akasema akiulizwa atasema alikuwa amekwenda kula. Sista Raya akamwambia aende akale kweli, maana alikuwa anatia huruma kumtazama.

Nikapanda gari na yule dereva wa mayai, tukaenda kumchukua Bi Chumu, mwoshaji wa kijiji cha kina Mwanaisha, na shehe wa msikiti wao. Bi Chumu alikuwa amewaosha nusu ya wanawake wa kule, bibi yangu mzaa mama mmoja wao. Hakuogopa maiti yeyote. Aliogopa gari, na njia nzima alimshika dereva bega akimwambia apunguze.

Tulipofika nikawaonesha ndoo ya klorini. Shehe akainama akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Maji haya yameshageuka," akasema. "Harufu yake si ya maji. Kwa josho hayafai. Afadhali tumtayamamie, dini imeruhusu panapokuwa na dhara."

"Ruhusa naijuwa, Shehe wangu," Bi Chumu akasema kwa adabu. "Lakini nkimpangusa vumbi, watu watasema nini kule? Na huyo mwengine aliye ndani atatoka?"

Shehe akaitazama tena ile ndoo. Alikuwa mtu wa kufikiri, si wa kukata maneno haraka, nami nikajizuia nisimharakishe. Mwishowe akauliza dawa ile inakaa mwilini muda gani kabla haijafanya kazi yake. Nikamwambia si mrefu, na ikishafanya kazi inaweza kusuuzwa.

"Bi Chumu," akasema, "josho la mwanzo hutia nini kwenye maji?"

"Majani ya mkunazi."

"Na mkunazi haugeuzi maji?"

"Wageuza. Yatoka kijani, yana povu. Ndo maana nkamaliza namsuuza kwa maji matupu, na hayo ndo yahesabiwa."

"Basi dawa yao hino ikae pahala pa mkunazi," Shehe akasema. "Mwanzo mumsafishe kwayo, itoe najisi. Kisha maji matupu. La mwisho mtie kafuri yenu kidogo. Josho litakuwa limesihi, na mie ntasema hivyo msikitini."

Nawaambia ukweli, nilitaka kumbusu mkono. Miaka yote nilikuwa naibeba klorini kama kitu kigeni ninachowaletea watu, na shehe akaiona ina nafasi yake tayari katika kazi ya Bi Chumu. Nilipokuwa nawafundisha nyinyi, nilikuwa nawasisitiza muulize kwanza watu wanafanya nini, kabla hamjawaambia wafanye nini. Somo hilo nililipata pale.

Bi Chumu hakumaliza. Alitaka kuuona ufuo. Nikamwonesha sakafu ya saruji na mfereji wake. Akataka kuona mfereji unakokwenda. Tukazunguka nyuma, nikamfunulia shimo tulilolijengea kwa saruji chini na ubavuni na kulitia chokaa. Akachungulia, akatikisa kichwa kuridhika.

"Na tumbo?" akauliza.

"Tumbo usiliguse, Bi Chumu. Ndilo ombi langu moja."

"Akitokwa ndani ya sanda jee? Nimtie kaburini na uchafu?"

Nikamwonesha pamba iliyolowa dawa kali, nikamweleza itazibwa wapi na itakazwa vipi. Akaifinya, akaipima, akasema afanye yeye, mikono yangu haina utulivu. Nikampa glavu na aproni ya mpira. Akainua vidole vyake mbele ya uso.

"Laa haula. Kama n'na vidole vya mtu mwengine."

Hata Mwanaisha akatabasamu, siku hiyo ya msiba wake.

Tukapachika mashuka mlangoni, tukabaki wanawake watupu. Mwanaisha kwa kichwa, Bi Chumu ubavuni, mimi na kata ya maji. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha maji yanateremka polepole na hayarushi matone, na nilikuwa nimejiandaa kuwakosoa wao. Nikakosolewa mimi.

"Bi Riziki, huyu si sufuria," Bi Chumu akaninong'oneza. "Anza upande wa kulia. Na umimine kama wamkosha mtu aliyelala, hutaki kumwamsha."

Nikamimina kama alivyosema. Na tazameni ajabu, maji yaliyomiminwa kwa huruma hayarushi matone. Josho la dawa likapita, tukangoja. Kisha maji matupu. Mwanaisha akamsuka mamake nywele, mikono imo ndani ya glavu, nywele zinamponyoka kwa utelezi wa mpira, anazirudia.

"Mama n'samehe," akawa anasema. "N'samehe nakukosha na mipira. Ni mie lakini. Ni mie mwanao."

Kafuri ikatiwa, sanda ikavalishwa, udi ukafukizwa. Tulipotoka Mwanaisha akavua glavu kwa kuzigeuza nje ndani, akanawa mpaka viwikoni. Mimi nilikuwa nalia na sikuweza kujifuta, maana mikono yangu ilikuwa bado haijanawa. Msisahau hilo nanyi, siku mtakapolia kazini. Mtalia.

Tukamchukua Bi Mize kwenye jeneza mpaka kijijini kwao, na watu walikuwa wamejaa. Nilichukua ndoo yangu ya bomba nikaisimamisha penye mlango wa nyumba ya msiba. Kila aliyetaka kusogelea sinia la chakula alinawa kwangu kwanza, na wazee wawili watatu walinitolea macho nikawatolea na mie. Shehe akasali, akasema maneno yake kama alivyoahidi. Wanaume wakaenda kuzika, wakarudi.

Faki, mume wa Rehema, hakuja kwangu. Hakunitazama hata. Alipita katikati ya watu akaenda kusimama mbele ya Bi Chumu, aliyekuwa amekaa mkekani na wanawake wengine.

"Kakoshwa?" akauliza.

"Kakoshwa."

"Kwa maji?"

"Kwa maji, na mwanawe, na mie. N'mekukosheeni mamenu na mashangazi zenu, hata mmoja sijamdanganya mtu. Mize kaenda safi."

Faki akageuka. Kisha akaingia nyumba ya pili yake na akatoka amembeba Rehema mikononi, kichwa kimemlegea, macho yamezama, midomo imepasuka. Dereva alishafungua mlango wa gari kabla sijamwita. Tulipokuwa tunawasha gari, mwanamme mwengine akaja mbio kutoka nyumba ya tatu, akasema ana mtoto naye yuko ndani. Bi Chumu akasimama akaanza kuita majina, mlango kwa mlango. Alijua nani kamficha nani.

Rehema mshipa haukuonekana. Sista Raya aliupapasa kwa vidole, macho kayafumba, akaupata nyuma ya mkono, dripu ikaanza kwenda. Mwanaisha aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anampa nduguye maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, hasimami hata kwenda kula. Kulipokucha tulikuwa bado hatujui. Daktari alipita, akatazama, akaendelea na vitanda vyengine.

Adhuhuri ilipoingia Rehema akafumbua macho. Akamtazama dada yake, akatazama kitanda cha pili ambacho kilikuwa kitupu.

"Mama yu wapi?"

Mwanaisha akaweka kijiko chini.

"Mama katutoka. N'memkosha mie mwenyewe, Rehema. Kwa mikono yangu hino."

Rehema akakunja uso, na machozi yakamtoka, mazito, yakateremka mpaka masikioni. Mtu aliyekaushwa na kipindupindu, wanangu, halii machozi. Anakunja uso tu na jicho linabaki kavu, kwa sababu mwili hauna maji ya kutoa. Mwanaisha akashika ncha ya mtandio wake ili amfute, nami nikamzuia mkono.

"Yawache, mwanangu," nikamwambia. "Yawache yatoke."